Turubai la Baba Winfrida

Mume wangu Remigius alikuwa mtu wa kahawa, na watu wa kahawa wana ugonjwa mmoja. Wakiona wingu linashuka kutoka mlimani, miguu inaondoka kabla kichwa hakijaamua. Kahawa iliyoanikwa ikilowa imeharibika, na huku kwetu Marangu uzembe wa namna hiyo unasemwa mpaka kwa wajukuu. Nimemwona akiacha mtori unafuka moshi mezani. Siku moja alimwacha hata padri katikati ya sala ya kubariki nyumba, akatoka mbio. Nilimsema mpaka nikachoka. Mazoea yana taabu.

Mtu huyo ndiye aliyeachiwa mashine ya mvua.

Aliileta binti yetu Winfrida, aliyesomea hali ya hewa na kupata kazi kwenye mradi mmoja Moshi mjini. Ilikuwa rada ndogo, sahani nyeupe inayotazama juu, wakaisimamisha mahali pekee penye uwazi kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, pale tunapoanikia kahawa.

"Baba, hii inarusha mawimbi juu," Winfrida alimweleza. "Yanagonga tone la mvua yanarudi, na yakirudi tunajua tone linashuka kwa kasi gani. Tone kubwa linashuka haraka, dogo linajikokota. Ukijua mwendo wake, umejua ukubwa wake. Shida ni hewa. Huku mlimani hewa nayo inapanda na kushuka, inalibeba tone. Kazi yangu ni kutenganisha mwendo wa tone na mwendo wa hewa."

Remigius alitikisa kichwa kama yuko kanisani. Mimi namjua. Alichokisikia ni kwamba mtoto wake amemkabidhi kitu chake.

Wakati huo moyo wake ulikuwa umeshachoka, na daktari hakutuficha. Basili wetu yuko Mwanza, Hilda ameolewa Songea. Aliyebaki karibu ni Winfrida, naye alikuwa amepanga chumba mjini. Mkuu wa mradi, Daktari Fabian, alituahidi hivi: vipimo vya masika vikitoka vizuri, kituo kitabaki kwetu, na Winfrida atahamia nyumbani kukisimamia. Visipotoka vizuri, mashine itapelekwa milima ya Mbeya, na Winfrida ataifuata. Remigius hakuwa anaomba kupona. Kila tuliposali rozari aliomba mtoto arudi nyumbani, basi.

Masika yakaingia. Wingu likianza tu kushuka, mzee anachukua turubai la kahawa, anatoka huku ameshika kifua, anaifunika ile mashine na kufunga kamba miguuni pake, upepo usije ukalipeperusha. Mvua ikikatika anaifunua na kuipangusa kwa kanga yangu. Kanga nzuri, ya Pasaka! Lakini nilimsifu. Kitu cha umeme, tena cha mtoto, unakiachaje kinyeshewe? Siku ambazo Winfrida yuko nyumbani, Remigius hakuigusa. Mwenyewe yupo, alisema, atajua la kufanya.

Winfrida alianza kukonda.

"Mama, siielewi," aliniambia Jumamosi moja tukimenya ndizi. "Kipima mvua cha pembeni kinajaa maji, rada inasema ni manyunyu. Tena huku chini inaonyesha kitu kinapanda na kushuka, utadhani hewa imepata kichaa. Nikiwepo inafanya kazi vizuri. Nikiondoka inaharibika."

"Basi usiondoke," baba yake alidakia kutoka mlangoni.

Tulicheka wote watatu. Kicheko hicho kinaniuma mpaka leo.

Winfrida aliwaandikia wakubwa wake kwamba hewa ya kwetu ina mwendo wa ajabu unaohitaji kuchunguzwa zaidi. Daktari Fabian hakukubali. Alisema kituo ambacho rada yake inabishana na kipima mvua hakifai kitu. Mvua zilipoisha uamuzi ukaja: Mbeya.

Siku ya gari kuja, Remigius alivaa koti lake la kanisani. Aliwakaribisha kwa pombe ya mbege, kisha akasimama kando ya mashine.

"Daktari, ikague kabla hujaipakia," alisema. "Kazi ni kazi, ichukueni. Lakini msije mkasema huko kwamba tuliiharibu. Masika yote, mwenyewe asipokuwepo, haijaguswa hata na tone moja." Akalinyanyua turubai alionyeshe. "Naona wingu tu, naifunika."

Daktari Fabian alifungua mdomo. Winfrida akamwahi.

"Aika, baba, asante," alisema. "Umenitunzia."

Alinifuata jikoni akiwa amejikaza kisabuni, na alipofika akavunjika. "Ile hewa yangu, mama. Lilikuwa turubai linapigwa na upepo. Maji yalitanda juu yake, mawimbi hayakupita." Alilia ameuma ncha ya kanga ili asisikike nje. Nilimuuliza kama haiwezekani kuanza upya. Akasema Mbeya wameshajenga msingi, wanangoja. "Usimwambie baba. Moyo wake hautastahimili."

Waliondoka kabla ya saa sita, Winfrida akiwa nao. Remigius alikaa kwenye meza ya kuanikia kahawa na hakutaka kuingia ndani.

"Mama Winfrida, umeuona uso wa yule mtoto?"

"Ni uchungu wa safari."

"Nimemlea mimi. Mashine ya kupima mvua, na mimi naikinga mvua isiiguse. Nimemfukuza mwenyewe mwanangu."

"Si wewe. Walisema ni hewa, Baba Winfrida. Hewa ya huku kwetu."

"Hewa haifungi kamba," alisema.

Tangu siku hiyo Winfrida akipiga simu jioni, mzee ananipungia mkono niseme amelala. Hakuwa na hasira naye hata chembe. Ilikuwa aibu. Nilimwambia mtoto halaumu, mtoto anakupenda, zungumza naye. Hakuambilika. Alikaa pale pale kwenye kigoda akimsikiliza Winfrida akiongea nami, na simu ikikatwa ananiuliza kama huko Mbeya anakula vizuri.

Alifariki Julai, kwenye ile baridi, akingoja chai. Winfrida alifika kwa basi na kumkuta ameshalazwa kwenye jeneza. Tulimzika kihambani, chini ya migomba aliyoipanda mwenyewe.

Watu walipotawanyika, binti yangu alinikumbatia na hakuniachia.

"Mama, nashukuru kwa kitu kimoja," alisema. "Kila nikipiga simu namkuta amelala, maskini, hata kumuaga sikumuaga. Lakini angalau hakujua."

Nilimpangusa machozi.

"Hakujua," nikamwambia.