Mkono Uliobaki Muleba

Kila Jumanne asubuhi, kabla wagonjwa hawajaanza kuitwa, Edvina hupanga meza yake: sahani ya plastiki yenye maharage makavu, kijiko, kitana, beseni la maji, kufuli na ufunguo wake, na shati la kiume lenye vifungo vikubwa. Asiyemjua angedhani mama huyu anauza vyombo vya nyumbani. Kumbe hivyo ndivyo vifaa vya kazi yake, tiba kwa vitendo, ya kuwafundisha wagonjwa upya shughuli za kila siku, katika chumba cha mwisho kwenye korido ya hospitali moja mjini Bukoba. Hamuulizi mgonjwa anaumwa wapi. Humuuliza leo ameweza kufanya nini, kisha humwambia, haya, fanya nione.

Ma Alistidia aliletwa chumbani humo kwa kiti cha magurudumu, akisukumwa na kaka yake Nathanael, mkulima wa Maruku. Alikuwa mjane wa makamo kutoka kijiji kimoja cha Muleba. Kiharusi kilimkuta jikoni akimenya ndizi za mchana, kikamwangusha hapohapo na kumlegeza mguu wa kulia. Mkono wa kulia haukuja naye. Bega lilikuwepo na kiwiko kilikuwepo, ila chini ya kifundo hapakuwa na kitu, na ngozi ilikuwa imejifunga vizuri, bila kovu.

"Mkono uko wapi?" Edvina aliuliza.

"Umebaki nyumbani," alisema Nathanael. "Ndizi zilikuwa hazijaisha."

Edvina akaandika hivyo. Alishawahi kumpokea mvuvi wa Kemondo ambaye macho yake yalibaki ziwani wiki nzima kabla ya kumfuata wodini, kwa hiyo hakuona sababu ya kupoteza muda. Alimsogezea mgonjwa sahani ya maharage, akampa kijiko. Ma Alistidia alikitazama tu.

"Kwa kushoto?" aliuliza. "Mawe, mama yangu! Mtu mzima nile kwa kushoto?"

"Hapa tuko wenyewe, Ma. Chota kama unayekula."

Alijaribu. Maharage yakamwagika mapajani, mengine yakaenda kujificha chini ya kabati. Edvina hakumsaidia, ingawa vidole vilikuwa vinamwasha kusaidia. Ndivyo alivyofundishwa, ukae na mikono yako mapajani uangalie mtu anavyohangaika, kisha umpe alama. Siku ile Ma Alistidia alipata alama ndogo kuliko mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kile kiti, na aliposaidiwa kuvaa kanga yake alilia kwa aibu.

Ni Nathanael aliyeeleza kilichokuwa kinawasumbua. Marehemu Kahangwa, mume wa Alistidia, alimwachia mkewe nyumba na kibanja, shamba la migomba na kahawa. Watoto wao wawili walikufa wangali wachanga, wakazikwa nyuma ya nyumba, na baba yao akaja kulala kando yao. Ukoo ulisema mjane atakaa hapo maadamu anakiweza kibanja. Sasa ameanguka, na shemeji yake Ildefons, ambaye migomba yake inapakana na ile, amewaomba wazee wakae, mvua zikiisha, waamue.

"Nirudishe kwangu, mwanangu," Ma Alistidia alimwambia Edvina. "Mengine yote nitavumilia. Wanangu wako pale."

Basi wakaingia kazini. Mkono wa kushoto ulikuwa mjinga, jamani, mjinga kabisa. Ulitia kifungo kwenye tundu la jirani yake, ulipiga mswaki kwenye kidevu, ulifungua kufuli kwa kulifunga. Lakini ulikuwa msikivu, na Edvina ana subira ya kutisha. Wiki hadi wiki alama zilipanda. Mguu nao ukarudi kidogokidogo, kwanza kwa kushikwa, halafu kwa fimbo.

Kupiga magoti hakukuwemo katika vipimo vya Edvina. Waliotunga vipimo vile hawakuwa na wakwe wa Kihaya. Lakini Edvina amezaliwa Bilele, mjini hapohapo, na kulelewa na bibi, na alijua kwamba mwanamke anayewaamkia wazee akiwa wima ameshashindwa kabla hajafungua mdomo. Akatandika mkeka sakafuni, wakawa wanapiga magoti pamoja, mwalimu na mgonjwa, wanasalimia ukuta, wananyanyuka, wanarudia. Nesi aliyepita mlangoni alidhani wanasali, akafanya ishara ya msalaba na kwenda zake.

Kabla ya kikao cha ukoo ilibidi Edvina aende kuiona nyumba, kwa sababu mtu anapimwa kwake, si hospitalini. Nathanael alikodi gari, wakaenda wote watatu. Kibanja cha Ma Alistidia walikikuta kisafi ajabu. Magugu hakuna, majani makavu yamekatwa, kahawa imetandazwa nyasi chini. Ila nyumba ilikuwa imefungwa, na mafiga yalikuwa ya baridi.

Mkono ulikuwa ng'ambo, uani kwa Ildefons. Ulikuwa umekaa juu ya majani ya mgomba, kisu mkononi ukipenda kusema hivyo, ukimenya ndizi moja baada ya nyingine zikiwa zimeegemezwa kwenye jiwe. Vidole vilikuwa vyeusi kwa utomvu na vimepasuka. Immakulata, mke wa Ildefons, alikuwa kwenye kigoda pembeni akichezea simu.

"Karibuni sana," alisema. "Huu hapa, haujambo. Yaani sina la kulalamika. Hauli, hausemi, hauchelewi kuamka."

Mkono ulipoona wageni uliweka kisu chini, ukajifuta kwenye nyasi, ukaenda ndani kwa vidole. Ulirudi ukivuta kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, kama inavyopasa mgeni anapofika. Ulianza kwa Nathanael kwa kuwa ni mwanamume, ukaja kwa Edvina. Wote walichukua punje na kushukuru. Ma Alistidia ulimpita, kwa sababu pale hakuwa mgeni.

Edvina alifungua mkoba, akatoa kifaa chake cha kupimia nguvu ya kushika. Mkono ulikishika kifaa ukakiminya mpaka mshale ukagota. Akaupima kufagia, kusugua sufuria, kufunga mzigo wa kuni, kupalilia. Vyote alama kamili. Ndipo akamketisha Ma Alistidia mkekani kando yake, akaupa mkono kitana.

Mkono ulikigeuzageuza kitana. Ukaondoka nacho ukamfuata mtoto wa kike wa Immakulata, ukamchana taratibu, mistari imenyooka, hakulia hata kidogo. Kisha ulirudi, ukakiweka kitana mapajani kwa Ma Alistidia. Edvina akaupa kijiko na bakuli la ndizi za kupikwa. Mkono ulichota vizuri, ukakiinua kijiko, ukakipitisha mbele ya mdomo wa Ma Alistidia bila kusimama, ukakifikisha kwa Ildefons aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia uani. Ildefons akala.

"Ma," Edvina aliuliza, "hukuwahi kujichana?"

"Nilikuwa nafunga kitambaa."

"Na kula?"

"Nilikula. Yale ya chini ya sufuria, nikiwa naosha."

"Kwa mkono huu?"

Ma Alistidia aliutazama mkono wake. "Sikumbuki," alisema.

Edvina alisikia hasira ikimpanda hadi masikioni. Lakini waliporudi Bukoba alikuwa ameshajua atakachokifanya, na alijiona mwerevu sana. Mkono ni wa Ma Alistidia. Alama za mkono ni alama za Ma Alistidia. Wazee wanataka kujua kama anakiweza kibanja, basi atawaambia anakiweza kuliko wake zao wote.

Wazee walikaa chini ya paa la mabati mbele ya nyumba ya Ildefons, nyasi mpya zimetandazwa. Aliyeongoza ni Mzee Kaijage, mtu wa sauti ya chini na koti zito hata kwenye jua. Ma Alistidia alikuja na fimbo yake, akaiweka kando, akapiga magoti, akamwamkia kila mmoja, kisha akanyanyuka mwenyewe bila kuguswa. Wazee walinung'unika kwa kuridhika. Nathanael alijifuta macho kwa kofia, na Edvina moyoni alisema, tumeshinda.

Aliomba ruhusa ya kusema, akapewa. Alieleza mambo yote kwa mpangilio, kama alivyozoea kuyaeleza kwa madaktari. Kazi za kibanja: kumenya, kupalilia, kuchuma kahawa, kubeba. Mkono wa kulia unaziweza zote kikamilifu. Mambo ya mwili: kula, kuvaa, kuoga, kutembea. Mgonjwa anayaweza kwa kiasi, kwa mkono wa kushoto, na anaendelea vizuri.

Mzee Kaijage alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo, mwanangu, kazi za kibanja zinafanywa na mkono."

"Ndiyo, baba. Zote."

"Na mkono uko hapa."

"Uko hapa."

"Na haya ya kula na kuvaa anayafanya kwa ule alio nao, popote atakapokuwa."

Edvina aliona sasa maneno yake yalikompeleka. Lakini kilichosemwa kimesemwa.

"Ndiyo, baba," alisema.

"Basi umetusaidia sana, maana sisi tulikuwa hatujui tuanzie wapi."

Uamuzi ulitolewa kwa upole, hakuna aliyemtukana mtu. Mkono utabaki kwenye kibanja, chini ya uangalizi wa Ildefons. Sehemu iliyobaki ya Alistidia inaweza kwenda kupumzika kwa kaka yake Maruku, na ukoo unamtakia afya njema.

"Lakini mkono ni wake!" Edvina alisema, na sauti yake ilitoka juu kuliko alivyotaka.

"Mkono uliingia hapa kwa mahari," alisema Mzee Kaijage. "Na kazi umejifunzia hapahapa. Tukiuondoa, utafanya nini huko?"

Mkono wenyewe ulikuwa unapitisha kahawa kwa wazee wakati huo. Ulipomaliza ulirudi kwenye ndizi.

Ma Alistidia aliomba aende nyuma ya nyumba yake. Alipiga magoti mbele ya makaburi matatu, la mume na yale mafupi mawili, na safari hii kunyanyuka kulimchukua muda. Edvina alisimama nyuma yake, mikono kaiweka mgongoni, akajizuia kumshika. Waliporudi, Ma Alistidia alisimama uani akautazama mkono unavyomenya.

"Kaa vizuri," aliuambia.

Mkono ulitulia kidogo, kisu hewani. Halafu uliendelea, kwa sababu wazee walikuwa hawajala.

Edvina hakujisamehe. Alirudi kazini Jumanne, akapanga maharage na kitana na shati, lakini kwa muda mrefu hakuweza kumpa mgonjwa alama kamili bila kujiuliza zitakwenda kwa nani. Alipopata nafasi alikwenda Maruku, bila kutumwa na mtu. Nathanael alikuwa amemjengea dada yake chumba kwenye ukingo wa migomba. Humo mkono wa kushoto uliendelea na masomo yake. Ulijifunza kuchana nywele, ukawa unazichana asubuhi na jioni hata pasipokuwa na haja. Ulijifunza kumenya, ndizi chache za mtu mmoja. Ulijifunza kupeleka chakula mdomoni kikiwa bado cha moto, mwenyewe akiwa ameketi.

"Hapa nakula nashiba," Ma Alistidia alimwambia. "Lakini nalala ugenini, mwanangu. Mvua ikinyesha nawaza wanangu, sijui kama maji yanawapita pembeni."

"Tukiwasumbua sana wazee labda watautoa ule mkono uje hapa."

"Uje hapa? Si utaanza kumpikia wifi yangu!" Alicheka, halafu kicheko kikaisha. "Wanaupaka mafuta lakini? Ulikuwa unapasuka sana kiangazi."

"Wanaupaka," alisema Edvina, ambaye hakuwa amemuuliza mtu.

Ma Alistidia alikuwa anakula chakula cha mchana na Edvina anaandika alama zake, simu ilipoita. Alikuwa Ildefons. Alisalimia kwa heshima zote, akauliza habari za Bukoba, za kazi, za watoto.

"Daktari, tumesikia ule wa kushoto nao umepata nguvu," alisema. "Tunashukuru sana. Kahawa imeiva, na huu mmoja unalemewa. Sasa huo umefikia wapi?"

Edvina aliutazama mkono wa kushoto. Ulikuwa unachota maharage. Ulikiinua kijiko bila kutetemeka, ukakipeleka moja kwa moja mdomoni kwa Ma Alistidia, ukarudi kuchota kingine.

"Huu unajua kumlisha mwenyewe tu," alisema.

"Haupiki?"

"Unapika cha kwake."

"Wageni je? Ukiona mgeni?"

"Unaendelea kula."



"Waitu, jamani," alisema Ildefons, kwa masikitiko ya kweli. "Basi huo umeharibika."

Edvina akasema ndiyo, umeharibika, akakata simu, akaandika alama kamili. Huko Muleba mkono wa kulia ulikuwa juu ya mti wa kahawa tangu asubuhi.