Banyipu Zizini

Filamu yetu ilikuwa na kamera moja ya kuazima, watoto watatu, na banyipu, yule dubwana wa majini ambaye kila mtoto wa huku ametishiwa naye ili asiogelee peke yake. Banyipu wetu alikuwa baba yangu mzazi, Des, mkata sufu mstaafu wa miaka sabini na sita. Nilimshonea vazi la sufu mbichi ya kondoo, hata sikuifua. Hapo ndipo nilipokosea.

Ilibaki sehemu ya mwisho: banyipu anawaaga watoto na kuzama bwawani. Jumatatu Baba angehamia nyumba ya wazee mjini, maana alikuwa ameanguka bafuni mara mbili. Fomu niliitia saini mimi, na binti yangu Tamsin, wa miaka minane, alikuwa hajanisamehe.

"Sema, 'Nenda salama, rafiki,'" nilimkumbusha.

"Sisemi."

"Tamsin, jua linatuchwea! Na kamera inarudi kesho."

"Mwambie wewe aende. Si ndiyo kazi yako?"

Yalinichoma, sikatai. Nikawasha kamera hivyo hivyo. Baba akashuka kuelekea majini akinguruma vizuri tu, mara Digger, mbwa wetu wa kuchunga, akanusa. Kwake yeye kinachonuka kondoo ni kondoo, hata kikitembea kwa miguu miwili. Akamzunguka Baba, akamkatiza njia, akalala kifudifudi akimkazia macho.

"We mbwa, ni mimi!" banyipu alifoka. "Miaka tisa nakulisha, leo unanichunga?"

Digger wala hakujali. Alimswaga polepole hadi zizini, katikati ya kondoo majike ishirini. Wale watoto wengine wawili walicheka mpaka wakakaa chini. Tamsin hakucheka. Alikimbia, akafunga lango, akatia komeo, akapanda juu yake akaketi.

"Haendi popote," aliiambia kamera. "Kwao ni hapa."

Baba akavua kichwa cha banyipu. Uso ulikuwa umelowa, na si jasho tupu.

"Mwanangu," aliniambia, "huyu mbwa ana akili kutushinda."

Filamu yetu inaishia hapo, banyipu akiwa zizini. Jumatatu, kabla ya chai, nilipiga simu mjini nikawaambia chumba wampe mtu mwingine. Kisha nikamwita fundi aje kufunga vishikio bafuni.