Udongo wa Kupeleka Nyumbani

...na sasa amepiga magoti kweli, mzee Phares, magoti yale yale yaliyomsumbua njia nzima kutoka mtaa wa Jericho, ametandaza leso yake juu ya nyasi na mkono umeshaingia udongoni, anasema, "Soma basi, wameandika nini?", na Gordon amesimama juu yake mdomo wazi, karani wa reli anayesoma mafaili kutwa, leo maneno manne ya jiwe la kaburi yanamshinda, maana anajua yanasema nini, jiwe alilichagua mwenyewe Jumamosi iliyopita, limepasuka vizuri, nusu limeshikwa na kuvu, akajiona mjanja... Norah, mke wake, ndiye aliyeanza, muonyeshe lolote, baba yako mkubwa hajui kusoma, achukue udongo wake akapumzike, na pale jikoni, chai ikichemka, lilikuwa jambo dogo kabisa, lakini mtu ametafuta kaburi la baba yake miaka sitini, baba aliyechukuliwa kubeba mizigo ya Waingereza katika vita vya Mjerumani, akafia huku mjini na wapagazi wenzake, na sasa anamjia mwanawe ndotoni, amelowa chapachapa, anauliza mbona hamjanileta nyumbani, wazee wakasema mzikie tunda la mti wa yago badala ya maiti, ndiyo ada yetu kwa aliyepotelea mbali, mzee akawaka, tunda ndilo lililonizaa?... "Wapagazi?" Ndambuki, mlinzi wa makaburi, alijikuna shingo siku ile, "Hao hawakuwekewa mawe, bwana, walifukiwa tu pamoja, hata mimi sijui ni wapi," kisha, kama anayemfariji, akamtembeza kwa wenye mawe, huyu aliliwa na simba, huyu alikufa wiki ya harusi yake, na huyu mdogo, lakini Gordon hataki kumkumbuka huyu mdogo, "Mtoto wa stesheni masta, miezi minne, wanasema mamake alikuja kila siku mpaka meli ikamchukua"... upepo unaleta harufu ya nyama choma kutoka soko la Burma na tumbo linanguruma, tumbo halina adabu, "Husomi?", nasoma, nasoma, ila jina aliloliandaa ni Owuor, la babu, na Owuor ni Gordon mwenyewe, alipozaliwa alilia siku tatu, nyanya akawa anataja wafu mmoja mmoja, alipofika Owuor kitoto kikanyamaza, wakasema ndiye amerudi, kwa hiyo atajisoma kaburini kwa mdomo wake mwenyewe, mzima, na shati la ofisini, halafu udongo wa mtoto wa watu upande gari moshi mpaka Kisumu, uzikwe uani kwa heshima zote, watu wachinje ng'ombe, na huko chini kitoto kilie kwa lugha asiyoijua mtu, huku Owuor mwenyewe akiendelea kulowa mahali pasipo jina... Norah, umeniponza, hapana, nimejiponza... "Nilikuwa nakula muwa," mzee anauambia udongo, "akaniita aniage. Sikugeuka, nilikuwa nakula muwa," na Gordon hajapata kuusikia huo muwa, miaka yote alidhani mzee anasukumwa na ada, na aibu ya boma lisilo na kaburi, kumbe ni mtoto wa miaka mitano aliyeitwa na baba yake asigeuke, "Soma, baba," mzee anasema tena, taratibu, bila kuinua kichwa, na humwita hivyo tangu utotoni kwa sababu ya jina, humwachia kiti, huongea naye mambo asiyowaambia wanawe, Gordon alikuwa akitabasamu tu, leo hatabasamu, leo anaogopa, kwa kuwa hatataja jina, atasema hayupo hapa, huyu ni mtoto wa mtu, na mzee huyu wa mvi atalia mchana kweupe mbele ya Ndambuki, naye itambidi ainame amshike kichwa, amwambie nilijua umenisikia, sikukasirika, nenda kamalizie muwa wako, maneno ambayo hakuna aliyemfundisha, na mdomo bado u wazi, mkono wa mzee bado umo udongoni, unasubiri.