Taa ya Marlys

Naapa kwa goti la kushoto nililopewa na Mungu na la kulia nililopewa na daktari: haya yote ni kweli. Anayebisha akamuulize Duane Halvorsen, fundi wa magari, mtu asiye na akili ya kutunga hata kisingizio.

Asubuhi moja ya Januari, hapa Tamarack, Wisconsin, Lyle Pruchnik alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo cha SUV yake kuukuu. Chumvi ya barabarani ilishaila milango kwa chini, lakini injini ilikuwa nzima. Mkewe, Marlys, akaingia, akafunga mkanda, akakohoa. Taa ya injini, ile ya kuonya hitilafu, ikawaka kwenye dashibodi, rangi ya chungwa.

Lyle akafanya kinachofanywa na kila mtu. Akakaza mfuniko wa tangi la petroli, akangoja. Taa haikuzimika. Akanunua mfuniko mpya. Akabadilisha plagi. Akalala chali kwenye theluji kufungua sensa ya ekzosi, kile kifaa cha kunusa moshi, boliti ikakatikia ndani kwa kutu, akatukana kwa sauti ya chini kwa sababu mchungaji anaishi jirani. Mwishowe akachomoa waya wa betri, akaurudisha. Taa ikazimika. Akazunguka mtaa mzima peke yake, taa kimya. Aliporudi kumchukua Marlys waende kununua mayai, Marlys alipokaa tu, ikawaka.

Wakaenda kwa Duane. Akachomeka mashine yake ya kusomea hitilafu chini ya usukani.

"Halina kitu hili," akasema.

"Marlys yuko nje," Lyle akasema.

"Basi aingie. Shemeji, ingia, baridi hiyo."

Marlys akaingia na mfuko wake wa nyuzi za kufumia. Taa ikawaka. Duane akasoma, akafuta kioo cha mashine kwa kidole gumba, akasoma tena.

"Ni pafu. La kushoto, upande wa chini."

"Mimi nilidhani sensa."

"Sensa nzima. Ile boliti ndiyo umeiua, na hilo tutaongea siku nyingine."

"Nitoke au nikae?" Marlys akauliza.

"Kaa tu."

Bima ya matibabu ya Marlys ilikufa siku kiwanda cha karatasi kilipofungwa. Ya serikali ingempokea Oktoba, akitimiza miaka sitini na mitano. Wote watatu walilijua hilo.

"Imetulia au inametameta?" Marlys akauliza. Huku kwetu mtoto hulijua hili kabla ya kupata leseni: taa ya injini ikitulia, unaendesha, ikimetameta, unaegesha.

"Imetulia," Lyle akasema.

"Basi twende. Mayai yataisha."

Nyumbani Lyle akakata kipande cha tepu nyeusi ya umeme, akakibandika juu ya taa. Magari mengi ya Tamarack yana kipande hicho.

Habari ikaenea. Jumamosi watu waliokuwa wakifanya kazi kiwandani wakapanga foleni mbele ya nyumba ya Lyle, wakae kwenye kiti cha Marlys, Duane awasomee. Figo. Mshipa wa shingo. Titi la kulia. Kila mmoja akashukuru, akamwachia Marlys keki au bakuli la viazi, kisha akapitia dukani kununua tepu. Kufika jioni tepu ilikuwa imekwisha, ingawa wengine hawakuwa hata na gari. Mimi pia nilikaa. Nilichosomewa mimi hakimo kwenye hadithi hii.

Mei, wakitoka kula samaki wa Ijumaa, mwanga ukaanza kupenya pembeni mwa tepu, ukiwaka na kuzima. Lyle akaegesha. Kisha wakaenda moja kwa moja hospitali, daktari akampokea Marlys siku ileile, na sasa amepona kabisa, anafuma sweta.

Hapo Duane akaweka uma chini. Nilikuwa nikiyasimulia haya kwenye mkahawa wa Bev, meza yetu ya dirishani, na sheria ya meza hiyo ni kwamba anayekamatwa na uongo anawanunulia wote pai.

"Ya kiti, sawa," akasema. "Ya foleni, nilikuwepo. Lakini hospitali kwa bima ipi, mzee?"

Nikakoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari.

"Waliegesha," Duane akasema. "Halafu?"

"Halafu wakakaa. Lyle akazima injini, akaiwasha upya. Ikatulia kidogo. Wakarudi nyumbani."

"Hapo umesema kweli."

Bev alikuwa ameshaanza kukata pai. Nje SUV ya Lyle ikapita taratibu, Marlys kwenye kiti chake, mwanga wa chungwa ukiwapiga kidevuni, unakuja na kwenda. Lyle akatupungia mkono. Tukampungia.

"Kipande cha Marlys nakifunga," Bev akasema. "Na hicho nacho ni juu yako."

Nikatoa pochi.