Mistari Mitatu ya Tata Badibanga

Saa moja na nusu asubuhi, Laurentine alipofungua ofisi ya kompyuta ya mgodi, alimkuta Tata Badibanga ameketi mezani pake, amepakata sufuria ya maharagwe. Jana yake wanajeshi walikuwa wamempeleka gare pamoja na Wakasai wengine, wangoje treni ya kuwatoa Katanga na kuwarudisha Kasai. Kitabu cha mahudhurio alikuwa ameshakitia sahihi.

Kosa lilikuwa la Laurentine. Mkuu wao, Bwana Kitenge, alimwamuru afute kila kilichoandikwa na Mkasai, naye akafuta hata mistari mitatu ndani ya programu inayoendesha kadi ya mtandao. Kadi ile ilitoka kiwandani na kasoro: usipoipumzisha kidogo baada ya kutuma, humrudishia mtumaji alichotuma. Miaka minne mistari ya Badibanga ndiyo iliyoipumzisha. Sasa Kitenge alikuwa ametuma orodha ya waliofukuzwa kwenye ofisi ya gare, na orodha ikarudi na watu wake.

Kufikia saa tatu walikuwa thelathini na mmoja, na magodoro, na kuku wawili. Kitenge alilalamika tu kwamba kuku wamepanda juu ya printa. Akawapakia kwenye lori, akatuma orodha tena, nao wakafika ofisini kabla lori halijavuka geti. Laurentine alicheka chini kwa chini, akajitia kutafuta kosa kwa bidii. Angeweza kulitafuta mwaka mzima.

Badibanga akamsogezea kiti.

"Mama Laurentine, rudisha ile mistari."

"Mi nasikia muzuri vile uko hapa, Tata."

"Train inaenda saa nane. Bibi yangu Mbombo na batoto betu beko ku gare, majina yabo haiko ku liste. Kama narudi tena hapa, bataenda bila mi."

Akamtajia mistari, Laurentine akaandika huku analia waziwazi. Badibanga akasahihisha koma moja.

"Jaribu na jina yangu kwanza."

Laurentine akaliandika, akabonyeza. Kiti kikabaki kitupu, bado kina joto. Waliobaki wakapanga foleni na mizigo yao, wakamshukuru mmoja mmoja.

Saa saba na nusu Kitenge alipita, akaisoma skrini, akampa mkono.

"Kazi muzuri, mama. Kesho tutatuma bale ba mugodi ya Kisenge."