Kiwiko Mbele, Kidevu Chini

Fundi saa alikuwa na jicho moja tu la kuonea, na hilo moja nalo lilikuwa limeshapita kwenye kisu cha daktari. La kulia liliondoka na surua akiwa mtoto, hata halikumbuki. La kushoto lilimtia kiwewe mwaka jana, utando wa ndani ulipobanduka, akawa anaona kitu cheusi kikishuka kama pazia mpaka nusu ya dunia ikapotea. Daktari aliubandika tena. Siku ya kumruhusu kurudi nyumbani alimwambia, "Usiinue mizigo. Usianguke. Na kichwa hicho kisipigwe kabisa. Ukiliona lile pazia tena njoo mbio, ila sitakuahidi kitu."

Fundi hakuona tabu. Nani ampige fundi saa kichwani? Mtu anayekaa kitini kutwa nzima, kainama, anaongea na vigurudumu! Ndivyo alivyodhani, mpaka alipong'arisha saa ya muuza nyama.

Saa yenyewe ilikuwa ya marehemu baba yake muuza nyama, ya kujazwa kwa mkono, yenye mfuniko wa shaba nyuma. Muuza nyama aliileta imekwama, akasema, "Itembee tu, sitaki kingine." Fundi akaitembeza. Mwingine angeishia hapo, lakini huyu bwana alikuwa na ugonjwa wake: tangu aanze kazi hakuwahi kumrudishia mtu saa chafu. Akachukua kitambaa na dawa ya kusugulia, akausugua ule mfuniko robo saa nzima, mikwaruzo yote ikaisha, shaba ikang'aa hadi mtu angeweza kunyolea ndevu. Akaifunga kwenye karatasi nyeupe, roho yake kwatu.

Muuza nyama aliifungua palepale kaunta. Akaigeuza. Akapitisha kidole kwenye mfuniko, mara mbili.

"Mistari iko wapi?"

"Mistari gani, kaka?"

"Saba. Baba alikuwa akikwaruza mstari mmoja kila alipozaliwa mmoja wetu. Kwa msumari. Hapa nyuma."

Fundi akainama kuutazama mfuniko. "Nilidhani ni mikwaruzo," akasema.

"Ndiyo, ni mikwaruzo," muuza nyama akasema. "Ya baba yangu." Akaitia saa mfukoni. Mlangoni akageuka, na macho yake yalikuwa mekundu. "Jumamosi nikifunga bucha nakuja kukung'arisha na wewe. Kichwa hicho hicho."

Fundi hakukaa kimya, tumpe haki yake. Alikwenda buchani kuomba radhi, akasimama mbele ya meza ya nyama kofia mkononi, muuza nyama akaendelea kupasua mifupa kwa shoka kana kwamba mbele yake hakuna mtu. Akaenda kwa mwenyekiti wa wafanyabiashara wa mtaa, naye akasema, "Niachie mimi, nitaongea naye." Hajaongea naye mpaka leo.

Basi mkewe akamwita mdogo wake.

Shemeji huyu kazi yake ilikuwa kufundisha walinzi wapya wa kampuni moja ya ulinzi. Mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi. Alikuja alasiri na mto wa kulalia kwapani, akampeleka fundi nyuma ya nyumba, penye kamba za kuanikia nguo.

"Shemeji, mimi sikufundishi kupigana," akasema. "Kwa mwili huo nitakuwa nakuchuria. Nakufundisha kutopigwa kichwa mpaka upate nafasi ya kuondoka. Kidevu chini. Mikono juu. Kila kiganja kishike kisogo, nyuma ya sikio, kama mtu anayepokea simu mbili kwa mpigo. Viwiko mbele. Usifumbe jicho. Usirudi nyuma hatua kwa hatua, maana huko ndiko ngumi inakopata nguvu; mkaribie, jibanze naye. Halafu piga kelele, toka. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Shemeji akarusha mto. Fundi akaficha mikono yake yote miwili makwapani, na mto ukampata usoni, pwaa.

"Umeelewa nini sasa?"

Wakarudia. Mto ukaja, mikono ikaenda makwapani. Wakarudia mara ya tano, ya sita. Mkewe, aliyekuwa akitazama kutoka jikoni, alicheka hadi akaketi chini. Lakini fundi hakuwa anafanya makusudi. Mikono ile alikuwa ameilea miaka ishirini na sita. Hakuwahi kupasua kuni wala kudaka mpira, na kitu kikianguka mezani, iwe kisu au kikombe, yeye huvuta mikono kwanza, kingine baadaye. Hata kusalimiana alikuwa akikunyooshea kifundo cha mkono badala ya kiganja, usije ukamminya. Wageni walimwona ana maringo. Kidole kikipinda, mshale wa sekunde haukamatiki tena, na fundi asiyeweza kukamata mshale wa sekunde akauze maji.

"Shemeji, hivyo vidole umeviwekea bima?" shemeji akauliza, jasho linamtoka. "Mfupa wa kidole unaunga kwa wiki sita. Jicho lako linaunga kwa wiki ngapi?"

Fundi alijua jibu, na shemeji alijua kwamba analijua. Lakini mto uliporushwa tena, mikono ilikwenda kulekule.

Ijumaa shemeji alipita dukani kumpelekea chai, akamkuta kazini. Fundi alikuwa ameibana kwenye tundu la jicho ile lenzi ya kukuzia, kitu kidogo cheusi kama kifuniko cha chupa. Alirithi lenzi ile kwa mwalimu wake, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata mkewe. Shemeji akaweka kikombe mezani, na katika kunyoosha mkono upande wa uso wa fundi, akafukuza nzi.

Mikono ya fundi ikaruka juu. Mmoja ukafunika lenzi, mwingine ukashika kisogo, viwiko mbele, kidevu chini. Kama kwenye kitabu.

Wakatazamana.

"Rudia," shemeji akasema polepole, akarusha kiganja. Mikono ikapanda tena yenyewe.

"Kumbe!" shemeji akapiga meza, bisibisi zikaruka. "Mtu mzima na akili zako! Kichwa hukilindi, jicho hulilindi, unalinda kipande cha kioo!"

Fundi aliona haya kweli. Lakini jioni ile walifanya mazoezi na lenzi ikiwa jichoni, mto unaruka na mikono inapanda. Kisha shemeji akamwambia aitoe, ajifanye bado ipo. Mara mbili alikosea. Mara ya tatu mikono ilipanda, na mto ukaishia viwikoni. Walikwenda hivyo mpaka mkewe akawaita kula.

Jumamosi alifunga duka kwa amri ya shemeji. Mlango wa kwanza wa kujilinda, alisema, ni kutokuwepo. Jumatatu akafungua, muuza nyama hakuja. Jumanne asubuhi, saa nne kasoro, fundi alikuwa ameinamia saa ya mkononi ya mwalimu fulani, lenzi jichoni, na shemeji alikuwa duka la pili akitoa nakala za vyeti vyake, mlango ukajaa.

"Jumamosi ulifunga," muuza nyama akasema.

"Kaka, ile mistari, naomba tuzungumze..."

Muuza nyama alizunguka kaunta. Hakuwa mtu wa kupigana kila siku, hilo lilionekana. Alikuwa akihema kabla hata hajaanza. Lakini mkono unaopasua mfupa wa ng'ombe ni mkono uleule, hata ukiwa na huzuni. Ukaja.

Mikono ya fundi ilipanda. Ngumi ya kwanza ilimpata mkononi, chini ya kiwiko, ikamsogeza na kiti chake. Ya pili ilitua juu ya vidole vilivyoshika kisogo, na kimoja kikalia, ka! Fundi alisikia maumivu yakipanda mpaka begani, na kila kilichokuwa ndani yake kikamwambia ficha mikono, ficha mikono. Hakuificha. Aliinuka kidevu kikiwa kifuani, akasogea mbele badala ya nyuma, akafungua kinywa apige kelele kama alivyofundishwa. Neno lililotoka lilikuwa "Shemejiii!"

Ngumi ya tatu ililenga uso. Uso haukuwepo. Palikuwa na kiwiko, na kiwiko cha mtu mwembamba ni mfupa mtupu. Muuza nyama akatoa sauti ndogo ya mshangao, akarudi nyuma ameushika mkono wake wa kulia, anautazama kana kwamba umemsaliti.

Shemeji aliingia na vyeti vyake mkononi. Hakumgusa mtu. Alijiweka katikati, akasema kwa ile sauti yake, "Imetosha. Kaa chini." Muuza nyama akakaa. Bila kujua kwa nini, fundi naye akakaa.

Lenzi ilikuwa imeanguka sakafuni, nzima. Hakuna aliyeitazama. Shemeji alikuwa akimtazama fundi, kwa sababu fundi alikuwa amelifumba jicho lake la kushoto, kalifumba kwa nguvu, mashavu yamekunjamana.

"Limepigwa?"

"Sijui. Kichwa kimetikisika."

"Lifungue basi."

"Sifungui." Aliogopa, na hakuficha. Maadamu limefumbwa, pazia halijashuka. "Nipeleke kwa daktari hivi hivi."

Walikwenda watatu, kwa kuwa mkono wa muuza nyama ulikuwa umeanza kuvimba kama andazi. Shemeji alimshika fundi mkono njiani, akimwambia hapa shimo, hapa ngazi. Muuza nyama alifuata nyuma. Hospitalini waliwekwa benchi moja, wasubiri. Muuguzi alikifunga kidole cha shahada cha fundi kwenye kijiti, akautumbukiza mkono wa muuza nyama kwenye beseni la maji baridi, akasema daktari wa macho yuko na mgonjwa.

"Ana nini jichoni?" muuza nyama akamnong'oneza shemeji.

"Ndilo pekee alilo nalo," shemeji akasema kwa sauti ya kawaida. "Lile jingine ni pambo. Hili lilishonwa mwaka jana, akaambiwa pigo moja tu na kwaheri."

Fundi alisikia maji yakitikisika ndani ya beseni.

"Sikujua," muuza nyama akasema hatimaye. "Haki ya Mungu sikujua."

"Na mimi sikujua habari ya mistari," fundi akasema, jicho limefumbwa. "Laiti ningejua, kaka, nisingeigusa. Silali kwa ajili ya hiyo saa."

"Mbona hukunirudishia hata ngumi moja?"

"Nilikuwa na kazi nyingine."

Shemeji alicheka kwa pua. Muuza nyama hakucheka. Baada ya muda fundi alihisi mkono ukipapasa mfuko wa shati lake, pale anapochomeka bisibisi yake ndogo kuliko zote, na bisibisi ikatoka. Kisha akasikia kitu anachokijua: chuma kikikwaruza shaba. Mkwaruzo, kimya. Mkwaruzo, kimya. Ulikuwa mkono usiozoea, mkono wa kushoto, na saa ilikuwa ikiteleza gotini. Fundi akanyoosha mkono wake mzima gizani, akaipata saa, akaishika isitikisike. Mkwaruzo wa mwisho ulichukua muda mrefu na haukusikika sana.

"Huyo wa mwisho ni mimi," muuza nyama akasema. "Baba alikuwa mzee nilipozaliwa. Mkono wake haukuwa na nguvu, akauchora hafifu. Ndugu zangu walikuwa wakinitania kwamba mimi sikuandikwa vizuri."

Akamwekea saa kiganjani. "Hesabu."

Fundi akapitisha kidole gumba kwenye mfuniko. Kidole chake hakidanganyi. Kimetambua punje za vumbi ambazo wengine hawazioni kwa macho mawili. Akapita mara moja, akapita mara ya pili.

"Sita," akasema.

"Fungua jicho."

"Kaka, naogopa."

"Najua. Fungua."

Fundi akaisogeza saa karibu na uso, palepale anapoziweka saa zote, akalegeza mashavu, akafungua. Kwanza palikuwa na machozi tu, na mwanga wa dirisha ukilowa ndani yake. Akapepesa. Akasubiri kitu cheusi kianze kushuka kutoka juu. Mfuniko wa shaba ukatulia mbele yake, umejaa mistari iliyopindapinda ya mkono wa kushoto, mibaya kuliko mikwaruzo yote aliyowahi kuisugua maishani. Mmoja, miwili, mitatu, minne, mitano, sita. Na pembeni kabisa, hafifu kama unywele, ukiutafuta tu ndio unauona.

"Saba," fundi akasema. "Nakuona, kaka. Upo."