Pombe ya Mipaka

Nisikufiche: siku tatu nilimpigisha Papa Benny mvua kwa makusudi. Kisiwa cha kwanza nilijua ni mawe matupu. Cha pili nilijua ziwa likijaa linaingia mpaka mlangoni. Nikampeleka tu. Mtu anayetaka parsele, kiwanja cha kujenga, si lazima aione? Mimi ni komisioneri, kazi yangu ni kuonyesha watu parsele, na yule muzee nilitaka kumwonyesha vizuri.

Yeye hakunijua. Wakati akiwa jirani yetu kule Katoyi, mimi nilikuwa nasoma Butembo kwa shangazi yangu. Alikuja kwangu kwa kuwa watu walimwambia Charline wa Keshero anavijua visiwa vyote. Akaketi, akanishika mikono yote miwili, akasema:

"Mwanangu, Goma imenichosha. Leo vita, kesho volkano. Nyumba nimeshaiuza, mama na watoto wamebanana kwenye chumba kimoja cha kupanga, na mwisho wa mwezi tunatoka. Nitafutie pahali ambapo hakuna mutu atakuja kuniambia, toka, hapa si kwako."

Ayii! Nilitoka nje nikajifanya natafuta simu.

Kwa maana ndiye aliyetutoa sisi. Baba yangu, Sikuli, aliponunua parsele ya Katoyi alifanya wanavyofanya wote: aliita majirani wa kila upande, wakatembea mipaka pamoja, wakanywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Jirani akishakunywa pombe ya mipaka amekubali, tena ni shahidi. Asipokunywa, hakuna kununua. Papa Benny alikunywa makopo mawili na kuomba la tatu. Halafu 2021 mlima ukalipuka, mji mzima ukakimbia, wazazi wangu wakaenda Sake na godoro kichwani. Waliporudi, wakakuta mtu wasiyemjua anapigilia mabati juu ya parsele yetu. Papa Benny alikuwa amemuuzia, ati ni kipande chake. Majirani wengine walikuwa hawajarudi. Baba akamwita mbele ya shefu wa avenii, kiongozi wa mtaa, amkumbushe ile kasiksi. Papa Benny akasimama, akajipangusa mdomo, akasema: "Mimi sikunywa kitu. Huyu mutu simujui."

Baba hakumaliza mwaka. Mama akarudi kwao kisiwani, kwa kaka yake Namegabe, ambaye ndiye kapita, mkubwa wa kisiwa. Akapewa ukanda wa ardhi kando ya maji.

Sasa unaelewa kisiwa cha tatu kilikuwa kipi.

Siku hiyo ziwa lilikuwa baya kabisa. Havugimana, mwenye mtumbwi, alikataa mara mbili, Papa Benny akamlazimisha. Katikati ya safari mvua ikatufunga, ng'ambo haionekani, mawimbi yanatupiga ubavuni. Papa Benny alichota maji kwa kibidoni kilichokatwa huku akiita watakatifu wote, na mimi nikakaa mbele na shitingi yangu ya plastiki kichwani nikimtazama. Niliogopa pia, lakini nilifurahi zaidi.

Tukafika. Pahali ni pazuri, siwezi kudanganya, ndiyo sababu nilipaacha mwisho. Mteremko mpole wenye migomba, kilima kimeziba upepo, udongo mweusi usio na jiwe hata moja. Papa Benny alipiga magoti kwenye matope, akachota udongo huo mkononi, akaanza kulia.

"Ni hapa," akasema. "Charline mwanangu, Mungu akubariki. Ni hapa nitajenga."

Mjomba Namegabe alimwuliza kitu kimoja tu: "Uko na pombe?"

Alikuwa nayo. Bidoni nzima ya kasiksi alikuwa ameizungusha visiwani tangu siku ya kwanza, kwa haraka yake. Majirani wakatoka chini ya mvua, wakatembea mipaka naye. Wa juu akakunywa. Wa kushoto akakunywa. Wa kulia akakunywa.

"Bado upande wa ziwa," mjomba akasema. "Ni wa dada yangu."

Mama akatoka nyumbani kwake, kitenge mabegani. Papa Benny alimtazama, kisha akanigeukia mimi, macho yake yakakaa kwenye pua yangu, ambayo ni ya baba mtupu.

"Wewe ni wa Sikuli?"

"Wa Sikuli," nikamjibu. "Karibu kwetu, Papa."

Nilidhani atakimbilia mtumbwini. Lakini angekimbilia wapi? Alimsogelea mama, amekishika kibuyu cha kasiksi kwa mikono miwili. "Mama Charline, nakuomba. Niko na watoto."

Mama hakupandisha sauti. "Pombe ya Sikuli, ulikunywa ao hukunywa?"

"Nili... nilikunywa."

"Sema kwa nguvu. Mvua inapiga, watu hawasikii."

"Nilikunywa!" akalia. "Makopo mawili! Parsele ilikuwa ya Sikuli, mimi nilikosa, munisamehe!"

Hapo nilitaka mama ammwagie kile kibuyu usoni. Tulikuwa tumezungumza hivyo, mimi na yeye, wiki nzima kwenye simu. Badala yake akakipokea, akakiinua, akakunywa. Akakunywa mpaka tone la mwisho, mbele ya kisiwa kizima.

"Mama!" nikapiga kelele. Nilimchukia wakati ule, nasema kweli. Baba yuko kaburini, naye anamkubalia huyu ajenge!

Papa Benny alikuwa ameshaanza kucheka na kulia pamoja. "Aksanti, mama, aksanti sana..."

Mama akarudisha kibuyu. Akajipangusa mdomo taratibu, kwa mgongo wa mkono.

"Mimi sikunywa kitu," akasema. "Huyu mutu simujui."

Akaingia nyumbani, akafunga mlango.

Papa Benny aliwageukia wengine. "Lakini mumemuona! Nyote mumemuona!"

Mjomba akauliza: "Kuna mutu alimuona dada yangu akikunywa?"

"Hapana, kapita," wa juu akasema. Wa kushoto akatazama ziwa. Wa kulia akasema mvua ilikuwa nyingi, yeye hakuona vizuri.

Tulirudi jioni, mimi naye, mtumbwi uleule, mvua ileile. Bidoni yake tupu ilikuwa inagongagonga miguuni petu. Alichota maji bila kuita mtakatifu hata mmoja. Karibu na Keshero akaniuliza, polepole, sasa atawapeleka wapi watoto.

Baba yangu naye aliuliza hivyohivyo, siku ile, mbele ya shefu. Nilimwambia Papa Benny aendelee kuchota, maji yanaingia.